Kabla ya plastiki kuingia mwilini: Kwa nini sungura na panya humtangulia mgonjwa

MAELFU ya Wakenya wanatembea leo wakiwa na plastiki ndani ya miili yao, na wengi wao hawana habari. Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho ana lenzi ya plastiki pale palipokuwa na lenzi yake ya kuzaliwa. Mama aliyewekewa vijiti vya kupanga uzazi mkononi amebeba mirija midogo ya silikoni au ya plastiki nyingine laini. Aliyebadilishiwa kiungo cha nyonga mara nyingi hutembea juu ya kikombe cha plastiki ngumu, naye aliyeshonwa kidonda cha ndani huenda alishonwa kwa uzi wa plastiki uliokwisha kuyeyuka zamani bila yeye kujua.

Vifaa hivi vyote vimetengenezwa kwa polima, nao wauguzi na madaktari huvitoa katika vifurushi vilivyofungwa vizuri na kuviweka mwilini kwa dakika chache. Swali ambalo mgonjwa ni nadra kuliuliza ni hili: nani aliyethibitisha kwamba kitu hicho kigeni hakitamdhuru baada ya mwezi mmoja, mwaka mmoja, au miaka 20?

Jibu ni kwamba, mara nyingi, ushahidi wa kwanza ulitoka katika miili ya panya, sungura, mbwa na kondoo. Suala hili lina pande mbili ambazo ni vigumu kuzipatanisha. Upande mmoja kuna usalama wa mgonjwa. Upande wa pili kuna maumivu na vifo vya wanyama wasioweza kukubali wala kukataa. Kati ya pande hizo kuna swali la tatu, ambalo pengine ni zito zaidi: je, mwili wa sungura husema kweli kuhusu mwili wa binadamu?

Mwili humpokeaje mgeni?

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizounganishwa tena na tena, mfano wa shanga katika uzi mmoja. Raba, nailoni, silikoni na hata pamba ni polima. Mnyororo wenyewe kwa kawaida ni mkubwa mno kiasi kwamba hauwezi kupenya ndani ya seli na kuleta sumu. Hatari hutoka kwa vile vilivyosalia pembeni: molekuli ndogo ambazo hazikuungana na mnyororo, kemikali za kulainisha plastiki, rangi, mabaki ya gesi iliyotumiwa kuua viini, na uchafu wa kiwandani. Hivi ndivyo huvuja polepole na kuingia katika tishu na damu.

Hata kama hakuna kinachovuja, mwili hautulii. Katika sekunde chache za kwanza, protini za damu hujibandika juu ya kifaa. Katika siku za mwanzo, chembechembe nyeupe za damu humiminika pale kana kwamba kuna viini vya ugonjwa. Kisha hufika seli walaji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Zikikuta kitu kikubwa kuliko uwezo wake, seli hizo huungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, nayo hulala juu ya kifaa na kukimwagia asidi na kemikali kali. Baada ya wiki mbili hadi nne hivi, mwili hujenga ukuta wa kovu kukizunguka kifaa chote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwili haumpi mgeni huyu jembe, bali humjengea ua na kumtenga. Ukuta wa kovu ukiwa mwembamba na mtulivu, madaktari huridhika. Ukiwa mnene, wenye uvimbe usiokoma, au ukizungukwa na tishu iliyokufa, kifaa kimeshindwa.

Ndiyo maana wataalamu hawaulizi kama kifaa fulani ni salama kwa jumla. Profesa David Williams wa Uingereza alitoa mwaka wa 1987 fasili ambayo ingali ikifundishwa: upatanifu wa kifaa na mwili ni uwezo wake wa kufanya kazi huku mwili ukikijibu kwa namna inayofaa, katika matumizi mahususi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Plastiki iliyo nzuri ndani ya jicho yaweza kuwa balaa ndani ya nyonga.

Vipande vya dirisha la ndege

Mambo hayakuanza kwa mpango mzuri. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, marubani wa Uingereza walipigwa machoni na vipande vya plastiki iitwayo Perspex, iliyotumiwa kutengenezea vifuniko vya vyumba vya marubani. Daktari wa macho, Harold Ridley, aliona jambo la ajabu. Vipande vya plastiki hiyo vilikaa ndani ya jicho bila kuleta uvimbe mkali, maadamu havikugusa sehemu zinazosogea na havikuwa na ncha kali za kuchoma.

Mnamo Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Ridley alimpasua mgonjwa wa mtoto wa jicho na kumwekea lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Ushahidi mkubwa aliokuwa nao haukutoka kwa wanyama bali kwa askari waliojeruhiwa vitani. Madaktari wenzake wengi walimpinga vikali kwa miaka mingi, wakisema kazi ya daktari wa macho ni kuondoa vitu vigeni jichoni, si kuviingiza. Leo upasuaji huo umewarudishia mamilioni ya watu uwezo wa kuona, wakiwemo wale wanaohudumiwa katika kliniki za macho nchini Kenya.

Nchini Marekani, daktari kijana aitwaye Arthur Voorhees alipata fununu yake kutoka kwa mnyama. Mwaka wa 1947, akifanya upasuaji wa mbwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, uzi wa hariri ulibaki ndani ya chumba kimoja cha moyo. Miezi kadhaa baadaye, alipoufungua moyo huo, alikuta uzi umefunikwa na utando laini unaong'aa, mfano wa ule unaotandika ndani ya moyo wenyewe. Akajiuliza: mbona tusitengeneze mshipa wa damu kwa kitambaa, mwili ukauvika ngozi yake?

Voorhees alishona mirija kwa kitambaa cha plastiki kiitwacho Vinyon-N na kuiweka katika mshipa mkuu wa damu wa mbwa. Yeye na wenzake walitangaza matokeo mwaka wa 1952, na muda mfupi baadaye wakaanza kuwawekea wagonjwa. Mishipa ya plastiki ambayo leo huokoa watu ambao mshipa wao mkuu umevimba na kukaribia kupasuka ilizaliwa katika vifua na matumbo ya mbwa hao.

Saratani ya panya

Lakini si kila alichosema mnyama kilikuwa rahisi kufasiri. Mwaka wa 1948, watafiti wa New York wakiongozwa na daktari aitwaye Oppenheimer waliripoti jambo la kutisha. Walikuwa wamefunga karatasi ya selofeni kuzunguka figo za panya ili kuchunguza shinikizo la damu. Baada ya muda mrefu, baadhi ya panya walipata saratani pale pale palipokuwa na karatasi ile.

Katika miaka ya 1950 watafiti hao walijaribu plastiki za aina nyingi, na saratani ikazuka tena na tena. Kama mambo yangeishia hapo, huenda leo hakungekuwa na lenzi ya jicho, kijiti cha uzazi, wala mshipa bandia.

Walipochunguza zaidi waligundua kwamba kilicholeta saratani hakikuwa kemia ya plastiki bali umbo lake. Kipande bapa, laini na kisicho na matundu kilileta uvimbe. Plastiki ile ile ikitobolewa matundu mengi au kusagwa unga, saratani ilipungua sana. Hata vipande vya metali na vya glasi, ambavyo havihusiani na plastiki kwa lolote, vilileta saratani katika panya vilipokuwa na umbo hilo.

Miongo mingi ya kuwawekea binadamu vifaa vya plastiki haikuonyesha mkurupuko wa saratani kama ule wa panya. Hata hivyo, binadamu naye alikuja na jibu lake. Mwaka wa 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba huenda kuna uhusiano kati ya matiti bandia ya silikoni na saratani adimu ya mfumo wa kinga, inayozuka katika ukuta wa kovu unaozunguka titi hilo. Ilibainika baadaye kwamba hatari hiyo inahusiana hasa na matiti yenye ngozi ya nje iliyokwaruzwa, si yale laini. Mwaka wa 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni kote duniani matiti yake ya aina hiyo. Kwa mara nyingine umbo la uso wa kifaa lilikuwa na sauti kubwa, ila mwelekeo ulikuwa kinyume: kwa panya uso laini ndio ulioleta balaa, kwa binadamu ni ule wa kukwaruza.

Paja la daktari

Kisa kinachofunza kuliko vyote huenda ni cha Sir John Charnley, daktari wa mifupa wa hospitali ya Wrightington, kaskazini mwa Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Charnley alitafuta namna ya kuwasaidia wazee ambao nyonga zao zilikuwa zimelika hata wakashindwa kutembea. Alichagua Teflon, plastiki inayoteleza sana na ambayo haichanganyiki na kemikali yoyote kwa urahisi. Kwa maelezo ya kikemia, hakuna mgeni mpole kuliko huyo.

Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa nyonga za Teflon. Mwanzoni walifurahi na kutupa mikongojo. Miaka michache baadaye maumivu yalirudi. Kila hatua waliyopiga ilikuwa imesaga plastiki hiyo kidogo kidogo, na unga wake ukazagaa katika tishu. Seli walaji ziliumeza unga, zikashindwa kuusaga, zikawaka kwa hasira na kuutafuna mfupa uliokuwa jirani. Charnley alilazimika kuwapasua tena wagonjwa wake na kuondoa kile alichokiweka kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka wa 1962 fundi wake, Harry Craven, alipata kutoka kwa mchuuzi kipande cha polithini nzito iliyotumiwa kutengenezea magurudumu yenye meno ya mashine. Charnley hakuvutiwa. Craven alikiweka kwenye mashine ya kusugua wakati mkubwa wake akiwa safarini, na baada ya wiki tatu kilikuwa kimelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja.

Mnamo Novemba 1962 Charnley alianza kuitumia polithini hiyo kwa wagonjwa. Pia alijitia yeye mwenyewe, ndani ya paja lake, unga wa Teflon na unga wa polithini. Baada ya miezi tisa Teflon ilikuwa imefanya vinundu vilivyoweza kupapaswa kwa kidole, ilhali polithini haikuonekana.  Polithini ya ukoo huo, iliyoboreshwa, ndiyo iliyo katika nyonga nyingi zinazowekwa hadi sasa.

Funzo ni kwamba plastiki moja ina sura mbili. Kipande kizima chaweza kuwa mgeni mwema, na unga wake ukawa adui. Jaribio la mnyama linalotumia kipande kizima, katika msuli usiosugua chochote, lisingeweza kufichua hatari hiyo hata likirudiwa mara mia.

Ngazi ya majaribio

Leo mambo hayaachiwi ujasiri wa daktari mmoja. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilianza kutoa mwaka wa 1992 mfululizo wa kanuni unaojulikana kwa nambari 10993, nao ndio unaofuatwa katika nchi nyingi. Kanuni hizo huuliza kwanza maswali mawili: kifaa kitagusa nini, na kwa muda gani? Kuna vinavyokaa mwilini kwa saa zisizozidi 24, vinavyokaa hadi siku 30, na vinavyozidi hapo. Mpira wa mkojo wa siku mbili hauulizwi maswali anayoulizwa mshipa bandia wa maisha.

Hatua ya kwanza haina mnyama. Wakemia huchunguza plastiki ina nini ndani yake na nini kinaweza kuvuja. Huiloweka katika maji ya chumvi na katika mafuta ya mimea, kwa mfano kwa saa 72 katika joto la nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili. Maji na mafuta hutumiwa yote mawili kwa sababu kuna kemikali zinazoyeyuka katika kimoja na si katika kingine.

Kinachofuata ni seli zinazokuzwa katika chupa za maabara, nyingi zikiwa za ukoo wa seli za panya mdogo uliohifadhiwa tangu miaka ya 1940. Seli hizo humwagiwa maji yaliyolowekwa plastiki. Iwapo zaidi ya asilimia 30 zitapoteza uhai zikilinganishwa na zisizomwagiwa, plastiki hiyo huhesabiwa kuwa na sumu. Nyingi huangukia hapa, na hivyo mnyama huokolewa.

Zinazopita hupelekwa kwa wanyama. Ili kujua kama kifaa huleta mzio, wataalamu wametumia simbilisi, wale wanyama wanene wasio na mkia ambao baadhi ya familia hufuga. Ngozi yao huzoeshwa maji ya plastiki, kisha baada ya majuma kadhaa hubandikwa tena na kukaguliwa kama imewiva. Mbinu hiyo ilibuniwa na Magnusson na Kligman mwaka wa 1969. Ili kujua kama maji hayo huwasha, kiasi kidogo hudungwa katika ngozi ya sungura na kutazamwa kwa siku tatu. Ili kujua kama yana sumu ya mwili mzima, hudungwa panya wadogo, nao huchunguzwa iwapo watadhoofu, watapungua uzito au watakufa.

Kisha huja jaribio lenyewe la kupandikiza. Sungura hutiwa nusukaputi, akanyolewa mgongo, na vipande vyembamba vya plastiki vikaingizwa katika misuli iliyo kando ya uti wa mgongo. Upande wa pili huwekwa vipande vya plastiki ambayo tabia yake inajulikana tangu zamani, mara nyingi polithini, ili pande hizo mbili zilinganishwe ndani ya mnyama yule yule. Baadhi ya wanyama huuawa baada ya wiki moja au nne, wengine baada ya wiki 12, 26 au hata 52. Vifaa vinavyoyeyuka, kama vile nyuzi za kushonea, hufuatiliwa hadi vinapokaribia kwisha kabisa.

Kifaa kinachokusudiwa kazi maalumu hupewa mnyama anayefanana na kazi hiyo. Vali za moyo hujaribiwa kwa kondoo wachanga kwa sababu damu yao huzijaza chokaa upesi, na hivyo udhaifu ambao ungechukua miaka mingi kwa binadamu hujitokeza kwa miezi.

Mbele ya hadubini

Mnyama akishauawa, kazi humhamia mtaalamu wa tishu. Yeye hukata vipande vyembamba mno vya nyama iliyozunguka plastiki, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Huhesabu aina za seli alizozikuta: zile zinazofika mapema, za kinga, walaji, na zile kubwa zilizoungana. Hutazama pia kama kuna tishu iliyokufa, kovu ni nene kiasi gani, na mishipa mipya ya damu mingapi imeota.

Kila kipengele hupewa alama kati ya sufuri na nne, na alama za uvimbe huzidishwa mara mbili kwa kuwa ndizo nzito. Wastani wa plastiki iliyozoeleka huondolewa katika wastani wa plastiki mpya. Tofauti ikiwa chini ya alama tatu, plastiki mpya huhesabiwa kuwa haiudhi tishu. Ikizidi 15, huhesabiwa kuwa ni ya kuudhi vikali.

Msomaji atambue kwamba alama hizo ni za ulinganisho tu. Hazisemi kwamba plastiki ni salama, bali husema haikuwa mbaya kuliko ile tuliyoizoea, katika msuli wa sungura, kwa muda huo.

Pale mizani inapodanganya

Visa vya kushindwa vipo, na kila kimoja kina mlango wake. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Vitek ya Marekani iliuza kiungo bandia cha taya kilichotandikwa Teflon. Maelfu ya wagonjwa waliwekewa. Kwa kuwa taya hutafuna mchana kutwa, Teflon ilisagika, unga ukazagaa, na mifupa ya baadhi ya wagonjwa ikaliwa hadi karibu na ubongo. FDA ilitoa onyo mwishoni mwa mwaka wa 1990, na vifaa hivyo vikaondolewa sokoni. Funzo la Charnley lilikuwa limechapishwa miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo. Hakukosekana mnyama wa kulijaribu jambo hilo. Waliokosekana ni watu wa kusoma na kukumbuka.

Kisa cha pili ni cha nyaya za vifaa vya kusukuma mapigo ya moyo, ambazo baadhi zilivikwa poliurithani. Plastiki hiyo ilikuwa laini na yenye nguvu, na tishu ziliipokea vyema. Lakini kemikali za seli walaji ziliishambulia mwaka baada ya mwaka hadi nyingine zikapasuka. Swali lililoulizwa lilikuwa plastiki itaufanya nini mwili. Swali la pili, mwili utaifanya nini plastiki, lilipata jibu ndani ya wagonjwa.

Cha tatu hakikuwa kosa la sayansi hata kidogo. Kampuni ya Ufaransa, Poly Implant Prothèse, ilionyesha wakaguzi silikoni iliyoidhinishwa huku ikijaza matiti bandia kwa silikoni ya viwandani, isiyokusudiwa mwili wa mtu. Udanganyifu uligunduliwa mwaka wa 2010, baada ya wanawake wapatao 300,000 duniani kuwekewa. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka wa 2013. Sungura waliojaribiwa silikoni nzuri walikufa bure, kwa maana kile walichokithibitisha sicho kilichouzwa.

Haki ya mnyama

Ikiwa mnyama hutoa jibu lenye mipaka hivyo, kwa nini aendelee kuumizwa? Swali hili si la watetezi wa wanyama peke yao. Mwaka wa 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kilichoweka misingi mitatu inayotambuliwa hadi leo: badala ya mnyama tumia njia nyingine inapowezekana, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na wale wasioepukika wapunguziwe maumivu. Kanuni za ISO zina sehemu nzima kuhusu ustawi wa wanyama, nazo zinataka ushahidi uliopo usomwe kwanza kabla ya mnyama yeyote kuguswa.

Kuna maendeleo. Mwaka wa 2021 ISO ilitoa kanuni mpya inayoruhusu jaribio la mwasho lifanywe kwa ngozi ya binadamu iliyokuzwa katika maabara, badala ya mgongo wa sungura. Uchunguzi wa kikemia nao umekuwa makini kiasi kwamba mara nyingi mtaalamu wa sumu anaweza kukadiria hatari kwa hesabu.

Hata hivyo, jaribio la kupandikiza bado halijapata mrithi kamili. Seli katika chupa hazina damu inayozunguka, hazina mfumo wa kinga, wala hazijengi kovu kwa mwaka mzima. Anayedai kwamba wanyama wote waweza kuachwa kesho anapaswa kueleza nani atachukua nafasi yao. Wagonjwa 300 wa Charnley ni jibu moja ambalo hatutaki kulirudia.

Nchini Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataka anayefanya majaribio kwa wanyama awe na leseni. Kazi ya kuidhinisha vifaa vya matibabu ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Lakini kwa kuwa vifaa vingi vinavyopandikizwa hutoka ng'ambo, sungura waliovijaribu waliishi na kufa mbali nasi, na kinachotufikia ni karatasi. Kwa hivyo ulinzi wetu hutegemea mambo mawili: bodi kusoma karatasi hizo kwa jicho kali na kuhakikisha kilichomo katika kifurushi ndicho kilichojaribiwa, na hospitali kuripoti kila kifaa kinapoleta matatizo.

Mgonjwa aulize nini?

Jambo la kwanza ni jina la kifaa, kampuni iliyokitengeneza na nambari ya toleo. Katika Muungano wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika Mei 2021 inamlazimu mtengenezaji kutoa kadi ya mgonjwa yenye maelezo hayo kwa vifaa vingi vinavyopandikizwa. Mgonjwa Mkenya hana sababu ya kutoomba yaandikwe katika kadi yake ya hospitali. Wakati kashfa ya silikoni ya Ufaransa ilipozuka, swali la kwanza la kila mwanamke lilikuwa ni la kampuni gani aliyowekewa.

La pili ni muda: kifaa hiki kimekusudiwa kukaa miaka mingapi, na nirudi lini kukaguliwa au kutolewa? Kijiti cha uzazi kilichopitisha muda wake, au nyonga iliyoanza kuuma baada ya miaka kumi ya amani, si jambo la kuvumilia kimya kimya.

La tatu ni dalili. Uvimbe mpya, maji yanayojikusanya, maumivu yanayoongezeka au kifaa kuhama mahali pake ni mambo ya kumweleza daktari upesi, hata kama upasuaji ulifanywa zamani. Jaribio la sungura huisha baada ya mwaka mmoja hivi, ilhali mgonjwa hukaa na kifaa chake kwa miongo. Katika miaka hiyo yote iliyosalia hakuna mtaalamu anayeketi mbele ya hadubini, na taarifa ya kwanza kwamba kifaa kinaharibika itatoka kwa mgonjwa mwenyewe, iwapo atasema na iwapo atakayemsikiliza ataandika.